Tanzania: Kazi ya dereva, msaidizi na gadi wa treni ya mizigo katika Reli ya Kati

Shehena ya saruji, mbolea au ngano inayoingia Burundi kwa njia ya Kigoma huwa imesafiri kilomita zipatazo 1,250 juu ya reli kabla ya kupakiwa melini katika Ziwa Tanganyika. Katika safari hiyo yote, mzigo huo huwa mikononi mwa watu wachache sana: dereva, msaidizi wake na gadi, wakipokezana na wenzao katika miji ya njiani. Mwenye duka wa Bujumbura hawajui kwa sura wala kwa jina, lakini bei na uhakika wa bidhaa zake vinategemea kwa sehemu jinsi wanavyoifanya kazi yao.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo jinsi ilivyo. Watu wengi hudhani kuwa ugumu wake uko katika kuivuta treni nzito. Kwa kweli injini ndiyo inayovuta. Kinachodai ujuzi, subira na macho ya binadamu ni kuizuia treni isiende mahali isipotakiwa, na kuisimamisha pale inapotakiwa.

Njia yenyewe

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani mjini Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya kuzuka kwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Meli ya Liemba, ambayo wakazi wa kando ya ziwa wanaifahamu vyema, iliundwa Ujerumani kwa jina la Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa kwa reli hiyo, kisha ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915.

Baada ya vita, reli hiyo ilipata umuhimu wa pekee kwa nchi zetu. Kwa makubaliano ya mwaka 1921, Uingereza iliipatia Ubelgiji maeneo maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kikwazo. Tangu wakati huo treni ya mizigo ya Tanzania imekuwa pia treni ya Burundi na Rwanda. Leo shehena hufuata njia kuu mbili. Ya kwanza ni ile ya Kigoma, kisha ziwa hadi Bujumbura. Ya pili huacha njia kuu pale Tabora na kuelekea kaskazini hadi bandari kavu ya Isaka, ambako mizigo hupakiwa kwenye malori yanayovuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda, au wa Kobero kuingia Burundi.

Upana kati ya reli mbili za njia hii ya zamani ni mita 1, na kwa sehemu kubwa ni njia moja tu, inayotumiwa na treni ziendazo na zirudizo. Pia haikai tambarare. Baada ya Morogoro njia hufuata bonde la mto Mkondoa kupita Kilosa, hupanda kuelekea Gulwe, Msagali na Igandu, na kufika Dodoma, mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Magharibi mwa Dodoma huteremka katika Bonde la Ufa upande wa Bahi, kisha huukwea ukuta wa bonde hilo kati ya Saranda na Manyoni. Kutoka hapo ni uwanda wa juu wenye misitu ya miombo hadi Tabora, na mwishowe huteremka kupitia Malagarasi na Uvinza hadi ziwani. Dereva hana budi kuijua milima na miteremko hiyo kama mkulima ajuavyo shamba lake, kwa kuwa usiku hataiona.

Watu watatu, kazi tatu

Dereva ndiye mwenye dhamana ya injini na mwendo. Mkono wake mmoja huongoza nguvu ya injini, wa pili hukaa karibu na mpini wa breki. Msaidizi wake hukaa upande wa pili wa chumba cha injini. Kazi yake ni kutazama njia upande ambao dereva haoni vizuri, kuangalia hali ya mitambo, na kutaja kwa sauti kila ishara inayojitokeza mbele ili dereva aitikie kwa kuitaja tena. Mtu asiyezoea anaweza kuona mazungumzo hayo kuwa ya kuchekesha: watu wawili waliokaa chumba kimoja wakiambiana jambo ambalo wote wanaliona. Lakini shabaha yake ni kuzuia kosa la macho ya mtu mmoja lisigeuke kuwa ajali.

Gadi ndiye mwenye dhamana ya treni nzima kama msafara. Yeye hutunza orodha ya mabehewa na uzito wake, hati za mizigo, na kumbukumbu za saa ya kufika na kuondoka kila stesheni. Treni ikiharibika njiani, ni gadi anayehusika kuilinda upande wa nyuma.

Nyuma ya hao watatu wamo wengine wengi wasiosafiri: mkuu wa stesheni, wafungua njia, wapanga mabehewa, mafundi wa karakana, na magenge ya watunza njia ambao hupita kwa miguu wakikaza misumari na kuangalia mataruma. Dereva huendesha kwa imani kwamba kila mmoja wao amefanya sehemu yake.

Kabla ya kuondoka

Kazi huanza muda mrefu kabla ya honi kulia. Dereva na msaidizi hukagua injini: mafuta, maji ya kupoozea, taa, mchanga unaonyunyizwa kwenye reli magurudumu yanapoteleza, na mashine inayosukuma hewa ya breki. Hupokea taarifa ya sehemu za njia zilizowekewa mwendo mdogo kwa sababu ya daraja bovu, tuta lililolegea au matengenezo. Taarifa hiyo lazima isomwe na kueleweka, maana sehemu moja iliyosahauliwa yaweza kuipindua treni.

Wakati huo gadi na mafundi hupita kando ya mabehewa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hutazama viungio, magurudumu, milango na jinsi mzigo ulivyofungwa. Mzigo ulioegemea upande mmoja ni hatari kwenye kona. Mwisho wa yote hufanyika jaribio la breki: dereva hukamata breki akiwa mbele, na mtu aliye behewa la mwisho huthibitisha kwamba breki imeshika hata huko, kisha kwamba imeachia. Bila uthibitisho huo treni haipaswi kuondoka. Jaribio hilo huchukua muda, nalo hufanywa mara nyingi wakati kila mtu bandarini anauliza kwa nini treni haijaondoka bado. Hapo ndipo uthabiti wa wafanyakazi hupimwa kwa mara ya kwanza.

Kibali cha njia

Kwa kuwa njia ni moja, hatari kubwa kuliko zote ni treni mbili kukutana uso kwa uso. Kinga yake ni kanuni rahisi: kati ya stesheni mbili isiwepo zaidi ya treni moja. Mkuu wa stesheni ya kwanza huwasiliana na mwenzake wa stesheni ya mbele, akauliza kama njia ni wazi. Akijibiwa kuwa ni wazi, hutoa kibali kwa dereva. Bila kibali, dereva haruhusiwi kuingia sehemu hiyo hata kama anaona njia nyeupe mbele yake.

Matokeo ya kanuni hiyo ni kusubiri. Treni ya mizigo huingizwa njia ya pembeni ili kupisha ya abiria, au kungojea inayotoka upande wa pili. Katika vituo vidogo vya porini wafanyakazi waweza kukaa saa nyingi wakiwa na injini inayounguruma, mbu, na sufuria ya chai. Hubeba chakula chao wenyewe, maana saa ya kufika haina uhakika. Mahali penye watu, kama Saranda, wauzaji wa vyakula huja kando ya njia. Mwenye mzigo huuona muda huo kuwa umepotea. Kwa mtu wa treni, kukaa hapo hadi kibali kifike ni sehemu ya kazi sawa na mwendo wenyewe.

Breki, kiini cha kazi

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hukutana na ukinzani mdogo sana. Ndiyo maana injini chache huweza kuvuta mzigo ambao barabarani ungehitaji msafara mzima wa malori. Chukulia treni yenye mabehewa 20, kila moja likiwa na shehena ya tani 40. Hizo ni tani 800, yaani mzigo wa malori yapatayo 27 ya tani 30 kila moja, bila kuhesabu uzito wa mabehewa yenyewe. Lakini ulaini uleule unaorahisisha kuvuta ndio unaofanya kusimama kuwe kugumu. Treni nzito iliyo katika mwendo huhitaji mamia ya mita ili isimame, na kwenye mteremko yaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi.

Breki za upepo zinazotumiwa na treni za mizigo katika nchi nyingi zina asili yake katika uvumbuzi wa Mmarekani George Westinghouse, aliyepata hataza yake ya kwanza mwaka 1869 na kuuboresha miaka michache baadaye. Bomba moja la hewa hupita treni nzima, likiunganishwa behewa kwa behewa. Kila behewa lina tangi lake dogo la hewa. Bomba likiwa limejaa, breki zimeachia. Dereva anapotoa hewa katika bomba, vali ya kila behewa huruhusu hewa ya tangi kusukuma breki kwenye magurudumu. Uzuri wa mpango huu ni kwamba treni ikikatika vipande viwili, bomba hukatika pia, hewa hutoka, na sehemu zote mbili hujifunga breki zenyewe.

Hata hivyo mpango huo una udhaifu ambao kila dereva hufundishwa tangu siku za mwanzo. Tangi dogo la behewa hujazwa upya kupitia bomba lilelile, na kujaa kwake huchukua muda. Dereva anayekamata na kuachia breki mara kwa mara kwenye mteremko, bila kuyapa matangi nafasi ya kujaa, anaitumia akiba yake hadi inakwisha. Ataukamata mpini na treni haitatii. Vivyo hivyo, vali ya bomba ikifungwa kimakosa kati ya mabehewa mawili, mabehewa yote yaliyo nyuma yake hayatapata amri ya dereva. Hii ndiyo sababu jaribio la breki huthibitishwa kutoka behewa la mwisho.

Kwa hiyo dereva mzoefu huanza kuipunguzia treni mwendo kabla ya mteremko, wala hangoji awe ameshaanza kuteremka. Injini nyingi za dizeli humsaidia kwa kuzigeuza mota za magurudumu ziwe zinazuia badala ya kusukuma, na hivyo kuhifadhi breki za upepo kwa dharura. Tena humlazimu kukumbuka urefu wa treni. Mbele yaweza kuwa imeshaanza kushuka ilhali mkia bado unapanda. Akikosea kipimo, mabehewa ya nyuma yatayagonga ya mbele kwa kishindo, au kiungio kitakatika.

Treni ikikwama kwenye mlima na injini ikashindwa, kazi hugeuka kuwa ya mikono na miguu. Wafanyakazi hushuka na kufunga breki za mkono behewa moja baada ya jingine, na kuweka kabari chini ya magurudumu. Gadi huenda nyuma kwa miguu, hata usiku wa manane, akiwa na taa na bendera, na kuweka juu ya reli vidonge vya fataki ambavyo hulia vikikanyagwa na gurudumu, ili dereva wa treni yoyote inayokuja apate onyo.

Funzo la Msagali

Umuhimu wa yote haya ulionekana kwa uchungu tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima upande wa Igandu, mkoani Dodoma, ilirudi nyuma bila kudhibitika hadi ikagongana na treni ya mizigo karibu na Msagali. Watu wapatao 280 walipoteza maisha. Ni miongoni mwa ajali mbaya kabisa za reli katika historia ya Afrika.

Siku hiyo, wafanyakazi wa treni ya mizigo walikuwa njiani katika kazi yao ya kawaida, na hatari ikawajia kutoka juu ya mlima. Katika njia moja usalama wa kila treni umefungamana na breki za nyingine zote, na hakuna dereva awezaye kujilinda peke yake.

Mvua na mto Mkondoa

Adui mwingine ni maji. Kati ya Kilosa na Gulwe reli hupita kando ya mto Mkondoa, ambao katika masika makali hufurika na kula tuta la reli. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliharibu sehemu hiyo vibaya hata safari zikasimama kwa miezi kadhaa. Kwa dereva, msimu wa mvua humaanisha mwendo wa pole na macho yasiyopumzika. Reli yaweza kuonekana imelala mahali pake, kumbe chini ya mataruma udongo umekwisha kwenda na maji. Kila usimamishaji wa njia hiyo huhisiwa pia Bujumbura na Kigali, kwa kuwa mizigo hulazimika kuhamia barabarani kwa gharama kubwa zaidi.

Watu juu ya reli

Jambo ambalo madereva wengi duniani hulitaja kuwa zito kuliko yote ni kukuta mtu au gari juu ya reli. Vijiji na miji vimekua kando ya njia. Watu huivuka kwenda sokoni, watoto huifuata kwenda shule, mifugo hulala juu yake usiku. Dereva humwona mtu, hupiga honi, hukamata breki ya dharura, naye ajua kwa hesabu kwamba treni haitasimama kwa wakati. Hawezi kuikwepesha kushoto wala kulia. Baada ya tukio kama hilo hubaki na kumbukumbu ambayo hakuitafuta, na katika utaratibu mzuri wa kazi hupaswa kupumzishwa na kusikilizwa kabla ya kurudishwa njiani. Onyo la kutopita juu ya reli humlinda mwenda kwa miguu, na humlinda pia yule aliye ndani ya injini.

Usiku, usingizi na sheria

Treni ya mizigo haina saa ya ofisi. Wafanyakazi huweza kuitwa saa nane usiku, wakafika mwisho wa zamu yao mchana, wakalala katika nyumba ya mapumziko ya reli mbali na familia, kisha wakarudi na treni nyingine. Zamu hubadilishwa katika miji mikubwa ya njiani, kama vile Morogoro, Dodoma na Tabora, ambako familia nyingi zimeishi kwa reli kizazi baada ya kizazi. Tabora pia ndiko kiliko chuo cha reli kinachofundisha kazi hizi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 huweka mipaka ya jumla: saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, na zamu isiyozidi saa 12 ikijumlishwa ya ziada. Mfanyakazi ana haki ya mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na ya saa 24 kila wiki. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa asilimia 5 ya malipo ya saa.

Kuyaandika hayo ni rahisi kuliko kuyatimiza porini. Treni ikikwama mahali pasipo na mtu wa kupokezana, saa za zamu hupita na treni haiwezi kuachwa. Lakini uchovu haupaswi kuchukuliwa kuwa jambo dogo la starehe. Dereva aliyesinzia sekunde chache hupitwa na ishara, na ishara moja inatosha. Hivyo mapumziko yafaa kuhesabiwa pamoja na breki na kibali cha njia: ni kifaa cha usalama.

Reli mpya na ujuzi wa zamani

Tanzania sasa inajenga reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435 inayotumia umeme. Treni za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, zikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, na usafirishaji wa mizigo ukafuata mwaka 2025. Katika reli hiyo ruhusa ya kuendelea humfikia dereva katika skrini iliyo mbele yake, na mtambo waweza kufunga breki wenyewe akizidisha mwendo. Njia hiyo mpya imeinuliwa na kunyooshwa kuliko ile ya Wajerumani. Kwa Burundi, hatua muhimu ilifikiwa mwezi Januari 2025, ulipotiwa saini mkataba wa kujenga reli ya aina hiyo kutoka Uvinza hadi Musongati.

Mitambo hiyo itapunguza makosa, lakini haitabadili uzito wa treni wala mteremko wa nchi. Bado atahitajika mtu wa kukagua kiungio, wa kuthibitisha breki ya behewa la mwisho, na wa kukataa kuondoka ikiwa jambo moja halijakaa sawa. Reli ya Musongati itakapokamilika, baadhi ya watu hao watakuwa vijana wa Burundi, na kazi watakayoirithi ni hii iliyofanywa kwa zaidi ya miaka mia moja upande wa Tanzania. Yafaa waanze kuijua sasa, na kuijua kwanza kama kazi ya kusimama salama.